Usiende Kigali Kupura Mpunga

Zaina,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo pale gare ya mabasi, basi likiwa limeshawashwa, na najua nitasema upuuzi kama wanavyosema akina mama wote wakiwa wamesimama chini ya madirisha ya basi. Ndiyo maana naandika sasa, jua bado liko juu, wewe umekwenda Giheke kumuaga shangazi yako na nyumba imetulia. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya kuswali kwa wakati na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, shangazi yako atakuwa anakumwagia muda huu, na anayapenda kuliko mimi. Mwachie. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, nalo ni mkono wako wa kulia, ambao ni mbaya.

Usinune. Najua Kamembe nzima imekuambia ni mzuri, kuanzia vijana wa moto, wale wanaobeba watu kwa pikipiki, hadi yule muuza maziwa ambaye hajawahi kumpiga hata nzi akampata. Ile video aliyoisambaza Kocha Safari, ya siku ulipomwangusha msichana wa Bukavu kwenye ukumbi wa vijana, nimeiangalia kuliko wao wote, nimekaa kwenye cherehani, miwani puani, mpaka simu ikapata moto. Watu wanapiga kelele, mmoja anarusha kofia. Mimi nikaona nini? Nikaona kisigino chako cha kulia kimeganda chini. Nikaona mkono wa kushoto umeshuka hadi kiunoni, sijui ulikuwa unatafuta funguo. Kidevu kiko hewani kama mtu anayekagua dari. Kiwiko kimenyanyuka, mkono ukaanza safari, ukapita nyuma ya sikio, ukazunguka, ukashuka kutoka juu, na yule binti maskini wa Mungu amesimama anausubiri. Hukumwangusha wewe, Zaina. Aliangushwa na uvivu wake. Mtu aliye macho angekuwa ameshakwenda kunywa chai akarudi.

Ngumi ile mimi naijua jina. Ni ngumi ya kupura.

Kila mavuno nilikupeleka kwenye tambarare ya Bugarama kwa bibi yako, na kila mavuno bibi alikuweka kwenye pipa pamoja na wanawake wengine. Ukashika mganda wa mpunga kwa mikono miwili, ukaupitisha juu ya bega, ukaupiga kwenye pipa, punje zikaruka. Bibi yako akawa anakusifu kwa majirani: "Huyu mutoto iko na mukono." Kweli unao. Lakini mtu anayepura huinua juu, kwa sababu akiinua juu uzito unashuka wenyewe. Huangalia chini. Visigino huviacha vikae, maana kwenye tope lile akiviinua atateleza. Akishapiga huacha mikono palepale kidogo, punje zimalize kumwagika, ndipo ainue tena. Yote hayo ni sahihi kabisa kwa mpunga. Yapeleke ulingoni, na kila moja linakuwa ombi la kupigwa. Nimewaona mabondia wa tambarare ile tangu nikiwa msichana, wanaume kwa wanawake, mabega mapana, roho safi, na wote wanapura. Mjini wanapendwa sana. Wanaambiwa wana nguvu, halafu wanapigwa na watu wembamba.

Na Kocha Safari, aliyekuwa nawe miaka yote hii, amefanya nini? Amenunua filimbi. Anasimama pembeni amevaa miwani ya jua, ndani ya ukumbi ambao hata mchana tunawasha taa, anapiga filimbi na kusema ongeza nguvu. Ukiongeza, anasema ongeza tena. Siku moja nilimfuata kwa adabu, nikamuuliza kwa nini mwanangu akishapiga anaurudisha mkono kwa kuuburuza chini badala ya kuuleta shavuni. Akanicheka, akaniambia: "Maman, ile njo style yake. Batu banaipenda sana." Nikamshukuru nikaondoka. Kumbe mwalimu akikosa la kufundisha, kosa la mwanafunzi linapewa jina la staili, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika.

Halafu yule bwana wa klabu ya Kigali akapiga simu. Jumamosi, akasema, utacheza raundi tatu na msichana wao mmoja, wao watakaa waangalie, na wakikupenda watakupa kitanda na mazoezi ya kila siku. Nilisikia kila neno, kwa sababu ulikuwa umeweka sauti ya nje ili na majirani wafaidi. Mwishoni akacheka, akasema: "Aje na lile bomu lake." Ukarukaruka hapa uani hadi ukamwaga maji ya bata. Mimi nikaendelea kushona kola, na nadhani hiyo kola niliishona kinyume.

Ndiyo maana juzi nilikuita kwenye ule ujia kati ya nyumba yetu na ya jirani. Nilikusimamisha bega la kulia likiwa karibu na ukuta, nikakuambia upige mbele, polepole. Ukuta hauna upendeleo. Kiwiko kikitoka nje, unaacha ngozi. Ukaacha ngozi. Nikakuambia tena, ukaacha tena. Nikacheka, na najua kicheko changu si kizuri, baba yako Mungu amrehemu alikuwa akisema ni afadhali nitukane. Ukanigeukia, macho yamejaa maji, ukasema: "Maman, hii ngumi njo bananitakiya. Nikipiga ingine, batanirudisha. Unataka banirudishe?"

Nilirudi kwenye cherehani nikajifanya nina mashati ya watu. Jibu ndilo ninaloliandika hapa, na ili ulielewe, lazima kwanza nikutoe kichwani ile hadithi ya wajomba zako.

Kila harusi wanaisimulia. Eti dada yetu, yaani mimi, alimpiga mtu wa Bukavu ngumi moja ya taya, akavunja mkono wake mwenyewe, na yule mwenzake akalala mpaka akamwagiwa maji. Kila harusi maji yanaongezeka. Mimi nipo palepale, nakula pilau. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniomba ukishike hiki kidole gumba changu kilichopinda, na unawaonyesha wenzako. Nilikuacha. Ilikuwa tamu, mwanangu. Kwa kushona hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Ukweli wenyewe ni wa kijinga. Nilikuwa na umri kama wako, nakaa Bukavu kwa mama mdogo nikijifunza kushona. Nyuma ya gereji moja ya malori palikuwa na klabu, yaani kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na gunia moja la kupigia ambalo tulilijaza vipande vya vitambaa nilivyookota chini ya meza ya fundi wangu. Mwalimu alikuwa Mzee Bahati, mtu mkavu, asiyepaza sauti. Siku ya kwanza nililipiga lile gunia mpaka likazunguka kwenye mnyororo wake, wavulana wakashangilia, na makanika wawili wakatoka chini ya lori kuja kuangalia. Mzee Bahati akasogea karibu akaniambia taratibu, kama mtu anayekuambia gauni lako limechanika nyuma: "Mwana, weye hauko napiga. Uko napura. Na huku hatuna mupunga."

Nilimchukia siku hiyohiyo. Akaniwekea kipande cha kitenge kwapani: piga, kikianguka, anza upya. Kilianguka. Akaniambia ngumi inaanzia kwenye unyayo, kisigino kinageuka, kiuno kinafuata, bega linakuja kufunika kidevu, na mkono ndio wa mwisho kupata habari. Njiani ulegee. Ukaukaze pale unapofika tu, na ufike kwa vifundo viwili vya kwanza, kiganja kikiangalia chini. Urudi kwa njia uliyoendea, moja kwa moja hadi shavuni, kwa sababu mwenzio naye ana mikono. Ngumi zake mwenyewe zilikuwa fupi, hazina sauti, nikaziona ni ngumi za mtu aliyezeeka. Mimi nikipura, gereji nzima ilisimamisha kazi. Nikipiga anavyotaka yeye, makanika walirudi chini ya malori yao. Nikachagua makanika. Kile kitenge nilikitumia kufutia jasho, mbele yake, aone.

Siku ya pambano nilipewa msichana anaitwa Furaha, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mfupi, mkimya, kaptula imemzidi. Nilimwonea huruma, fikiria. Kengele ikagongwa nikaanza kupura. Nilidhani atarudi nyuma, kwa maana kitu cha kutisha mtu hukikimbia. Yeye akapiga hatua ndani. Hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba mtu anaweza kukisogelea. Mkono wangu ukazunguka ukapita nyuma ya kichwa chake, na gumba likakutana na mfupa wa kisogo. Ngumi ya kuzunguka hufika kwa upande wa gumba, Zaina, haifiki kwa vifundo, na kidole gumba hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Nilikisikia kikivunjika. Sauti ndogo tu, ndani ya glavu.

Mtu mwenye akili angeacha. Lakini watu walikuwa wanaita jina langu. Nikapura tena kwa mkono uleule uliovunjika, wakaita zaidi, nikapura tena. Yeye akawa ananigonga, puani, tumboni, puani, bila hasira yoyote, hatua ndogo, mikono inarudi mahali pake kila mara. Sikumwangusha mtu, wala hakuna aliyemwagiwa maji, labda mimi nilipojimwagia mwenyewe baadaye kuosha damu. Walipomwinua Furaha mkono, wale waliokuwa wakiita jina langu wakaanza kuita lake. Hawakungoja hata kumeza mate.

Furaha ndiye aliyenivua glavu, kwa sababu mimi sikuweza. Nikamuuliza aliwezaje kuiona ngumi yangu kila mara. Hakuwa na kiburi, na afadhali angekuwa nacho. Akasema: "Pole, dada. Mukono yako niliiona tangu inatoka kwenu Bugarama."

Mzee Bahati alikuwa amesimama pale, akasikia. Nilingoja anitukane, akaenda kufungua kamba. Mimi kidole nilikificha mpaka kikaungana vibaya, kwa sababu niliona aibu kwenda hospitali kusema nimevunjika kwa kumkosa mtu. Ndicho hiki. Mkasi hakiwezi kuushika. Nimejifunza kukata kwa kushoto, na miaka yote hii nakata vitambaa vya watu kama mtu anayekata nyama. Mikato mizuri inayosifiwa kwenye kibanda chetu ni yako, na wateja wanafikiri ni yangu. Kushindwa ningekuzoea, watu wanashindwa kila siku na wanakula. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nilishindwa nikiwa na mtu pembeni anayejua, na nilimwona hana maana kwa sababu hapigiwi makofi.

Na wewe ulipoanza kurusha ngumi, mdogo hivi, ukaizungusha vilevile kutoka juu, nilicheka kwa furaha. Nikasema damu yangu hiyo. Siku ile ningeweza kukuwekea kitambaa kwapani, vitambaa ndivyo vimejaa nyumba hii. Sikukuwekea. Nilitaka ufanane na yule mwanamke wa kwenye harusi, yule ambaye hajawahi kuwapo.

Sasa swali lako. Kama nataka wakurudishe.

Sitaki. Nimeshawatangazia wateja wangu wote kwamba unakwenda, hata wale wasiolipa vizuri. Nataka ukae huko, upate mwalimu wa kweli, uje siku moja unicheke mimi. Lakini sikiliza wanachokuitia. Wanataka bomu. Mtu anayeagiza bomu hafikirii litarudije nyumbani. Watakuweka mbele ya watu, watu watapiga kelele, na utapewa wasichana wavivu mmoja baada ya mwingine mpaka siku utakapokutana na Furaha wako. Kigali wako wengi, wamefundishwa vizuri, na asubuhi hawaendi kuuza sambaza, wanaamka wanakimbia. Siku hiyo yule bwana mwenye kicheko atatafuta bomu lingine, na hatahitaji kwenda mbali, mpunga unapurwa nchi nzima.

Kwa hiyo Jumamosi, kama utataka kunisikiliza, ule ukuta uwe nao kichwani. Uweke kwenye bega lako la kulia, kiwiko kiuogope. Anza na kushoto, mfupi, usio na sifa, kisha kushoto tena, mpaka msichana wao achoke kuuona. Wa kulia usiutume kabla kisigino hakijageuka. Utajiona dhaifu. Utafikiri hujapiga kitu, kwa sababu ngumi iliyonyooka haikuchoshi wewe, inamchosha anayeipokea. Ukumbi utanyamaza. Yule bwana atatazama simu yake. Na mwili wako utakuomba upure mara moja tu, waamke. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu kuliko huyo msichana, nakuambia mapema. Na itakutoroka, mwili haubadiliki kwa siku chache za ukutani, sikudanganyi. Ikikutoroka, urudishe mkono shavuni uendelee. Usikae kuihesabu wala kusikiliza nani ameshangilia.

Nikisoma nilichoandika, naona nimemdharau kila mtu. Safari, wajomba zako, yule bwana wa simu, muuza maziwa, na wewe zaidi. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa ulimi wangu unakuwa mchungu, na tangu simu ile ilipopigwa nimekuwa nikiogopa. Naogopa mkono wako. Naogopa uso wako, ambao nimeuzaa mwenyewe na uko sawa pande zote. Unapopanda ulingoni siwezi kuangalia, naangalia miguu ya watu. Ile video ndiyo mara ya kwanza nimekuona ukipigana mpaka mwisho, na niliweza tu kwa sababu nilijua umerudi nyumbani salama, nilikuwa nakusikia unaosha vyombo. Nakupenda sana, Zaina, na sijui kulisema hilo bila kumtukana mtu.

Wakikurudisha kwa sababu ulipiga vizuri na hawakuona bomu lao, panda basi urudi, na usijifunike mtandio usoni. Nitakuwa gare nimevaa kitenge changu kipya, nitakupokea mbele ya vijana wote wa moto, na atakayecheka nitamjibu mimi. Wakikuchukua kwa kupura, kaa nao, maisha ni yako, nitawapa majirani soda na nitacheka nao. Lakini usiniite kuja kutazama, sitakuja.

Na kama huko kuna mwalimu mwenye macho, atakuuliza ni nani aliyekufundisha kupiga vibaya hivyo. Mwambie: "Ni mama yangu." Akikuuliza ni nani basi aliyekukataza, usihangaike kutafuta jina lingine.

Mama yako